Siku Tuliyowahamisha Mbiru wa Chekalini

Tangu nistaafu, swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama bado ninakula samaki. Ninakula, tena kwa mikono miwili. Mtu aliyefuga ng'ombe maisha yake yote haulizwi kama bado anakunywa maziwa, lakini ukifanya kazi ya samaki kila mtu anadhani lazima umewachoka. Sijawachoka. Yaliyochoka ni magoti yangu, kwa kuingia kwenye matope ya watu kuanzia Kabras hadi Lugari, na ndiyo maana siku hizi nimetulia hapa Shirere, jirani na wanafunzi wa kupanga ambao hupiga muziki kana kwamba mtaa mzima umealikwa.

Faith, aliyechukua dawati langu ofisini, ndiye aliyenisukuma niandike. "Madam, sisi tumesoma samaki kwa vitabu," aliniambia, "lakini hakuna kitabu kinasema mtu wa Chekalini atakujibu nini ukimwambia asivue." Hapo alinipata. Basi haya ni yenu, vijana wa idara. Vyeo na mishahara nitavipita, maana vya kwangu havitamfanya mtu yeyote aache usingizi.

Siku ya kwanza nilifika ofisini Kakamega nikiwa na viatu vya visigino virefu. Nilizaliwa Kabras, nyumba ya miwa, na kwetu samaki ilikuwa omena ya sokoni, au ngege wa kukaanga siku ambayo ingokho, kuku wetu, wote wamekataa kushikika. Nilidhani kazi ya samaki ni kazi ya kalamu. Mkuu wangu, Bwana Andayi, mtu mrefu mwenye sauti ya chini kama anayeongea kanisani, alivitazama vile viatu, akaingia stoo, akatoka na gumbuti zake mwenyewe.

"Vaa hizi, dada," akasema. "Hivyo vingine vingoje harusi."

Kabla ya saa sita nilikuwa ndani ya kidimbwi cha mtu, maji yamefika kiunoni, na ngege wa kwanza kushikwa na mkono wangu alikuwa amenidunga kiganja kwa miiba yake ya mgongoni. Nilipiga yowe. Wenye kidimbwi walicheka hadi wakashikana. Andayi yeye hakucheka, alisema tu, "Haya, sasa mmejuana," kisha akanionyesha. Unalowesha mkono kwanza, kwa sababu mkono mkavu unamtoa samaki ute wake na asiye na ute huugua. Unamshika kuanzia kichwani ukirudi nyuma ili miiba ilale. Halafu unamkumbatia kwa kiganja bila kumfinya. Nimewafundisha hivyo watu wengi, na wote walidungwa kwanza ndipo wakanisikiliza.

Vifaa vyetu havikuwa vya kuringia. Tulikuwa na wavu wa kukokota uliotiwa viraka vya uzi wa gunia, ndoo, madumu, na pikipiki moja iliyopenda kuzimika mbele ya watu. Kulikuwa na kile kisahani cheusi na cheupe cha kupimia uangavu wa maji, lakini mara nyingi kilikuwa kimeazimwa na mtu asiyejulikana, kwa hiyo tulitumia mkono. Ingiza mkono kwenye maji hadi kiwiko. Ukiviona vidole vyako vizuri, maji yana njaa, ongeza samadi. Usipoona hata kifundo cha mkono, umezidisha, na alfajiri utawakuta samaki wote juu wakihema. Mkono huo hauazimwi.

Kesi ngumu zilikuwepo, na nyingi hazikuwa za samaki. Kulikuwa na kikundi cha akina mama kule Kabras nilichokwenda kukifundisha kutenga madume na majike, kwa sababu ukiwaacha pamoja kwenye kidimbwi kidogo wanazaana hadi wote wanabaki saizi ya kidole. Unamgeuza samaki tumbo juu, unatazama karibu na pezi la chini: dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Akina mama walimtazama samaki, wakanitazama mimi. Mmoja akaniuliza taratibu, "Madam, hii ndiyo ulienda kusomea?"

"Ndiyo, mama."

"Na baba yako anajua?"

Somo liliishia hapo, hatukuweza kuendelea kwa kicheko. Halafu kulikuwa na mzee mmoja ambaye maji yake yalinuka hadi barabarani. Nilipochunguza nikagundua kila jioni aliwatupia samaki obusuma, ugali wa moto, na mboga juu yake. Nilipomkanya alinitazama kwa huruma. "Sasa samaki wa Mluhya watalalanga aje bila obusuma?"

Lakini kama kuna mahali palipokuwa moyo wa kazi yangu, ni bwawa la Chekalini. Lilichimbwa zamani na mlowezi aliyetaka maji ya ng'ombe wake, na upande mmoja alilipangia mawe makubwa ili ukuta usimomonyoke. Mlowezi alikwenda zake, shamba likagawiwa watu, bwawa likabaki la wote. Andayi alinipeleka huko asubuhi moja ya manyunyu, akachota kwa wavu wa mkono karibu na yale mawe, akatoa samaki mmoja akaniwekea kiganjani.

"Tazama mkia. Una mistari?"

"Hauna."

"Sasa tazama juu."

Pezi la mgongoni lilikuwa na ukingo wa rangi ya chungwa, kama kitambaa kilichopigwa pindo. Chini ya tumbo kilining'inia kishada kidogo cha rangi hiyo hiyo. Nilidhani ni jeraha. "Si jeraha," Andayi akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu. "Ni urembo. Dume akitaka kuoa hujipamba. Huyu anaitwa mbiru."

Kwao mbiru ni Ziwa Victoria, na si kila mahali ziwani. Hupenda ufuo wa mawe, pale mawimbi yanapopiga na mwani unamea kwenye miamba, naye huukwangua akala. Watoto wake hukaa kwenye maji mafupi, katikati ya mayungiyungi na mafunjo. Dume husafisha duara chini ya maji na kulilinda kama kiwanja chenye hati. Jike akishataga hapo huyaokota mayai yake yote kwa mdomo na kuondoka nayo. Huyabeba humo mdomoni hadi yaanguliwe, na hata yakianguliwa watoto hutoka nje kucheza, wakiona hatari wanarudi mbio mdomoni kwa mama. Muda huo wote yeye hali chochote cha maana. Akina mama mnaosoma hapa, najua mmeshaanza kumpenda.

Wakati mmoja walikuwa wengi ziwani hadi watu wakawazoea. Kisha wakaletwa wageni. Akaja sangara, ambaye hula kila kinachopita, na akaja ngege wa Nile, mwenye mkia wa mistari, mkubwa na mwepesi kukua, ambaye huwanyang'anya mbiru viwanja vyao na tena huoana nao. "Sangara akimla mbiru, huo ni wizi wa wazi," Andayi alikuwa akisema. "Lakini huyu wa Nile anamuoa, na wajukuu hawajui tena wao ni nani." Sasa msinielewe vibaya. Ngege wa Nile ndiye huyo huyo tuliyempanda kwenye vidimbwi vya watu kila pembe ya kaunti, na nitamsifu hadi kesho, amelisha nyumba nyingi. Shida ni kumtia mahali ambapo mbiru amebaki. Na Chekalini, pembeni mwa kila kitu, palikuwa na yale mawe ya mlowezi, na mayungiyungi upande wa pili, na mbiru waliopandwa enzi zile ambapo hapakuwa na samaki mwingine wa kupanda. Sehemu zetu hizi, hatukujua bwawa lingine lenye mbiru ambao hawajachanganyika. Wakiisha hapo, wameisha kwetu.

Andayi alipostaafu hakutoa hotuba. Alinipeleka nje ya ofisi akaniambia, "Kazi hizi zingine utapata wa kukusaidia. Chekalini ni wewe."

Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa kazi rahisi, kwa sababu mwenyekiti wa bwawa alikuwa Mzee Wekesa, mzee wa kanisa, mtu mwenye suruali zilizopigwa pasi hadi zinakata. Siku moja mheshimiwa fulani alikuja na hema, vipaza sauti, na magunia ya plastiki yaliyojaa ngege wachanga wa Nile, zawadi kwa wananchi, wamwagwe bwawani mbele ya kamera. Mimi nilisimama pale natazama yale magunia. Ningesema nini, nimkatalie mheshimiwa zawadi hadharani? Mzee Wekesa akashika kipaza sauti.

"Mheshimiwa, asante sana, Mungu akubariki. Lakini haya maji tunabatizanga watu. Samaki wakikuwa wengi, mtu anainuka kutoka dhambini anapigwa mkia usoni."

Watu wakavunjika mbavu, mheshimiwa mwenyewe akacheka, na samaki wakapelekwa kwenye vidimbwi vya shule. Tulipobaki wawili, mzee alinivuta kando. "Madam, usinirudishe tena kwa hiyo dhambi ya uongo."

"Uongo gani, mzee? Si mnabatiza?"

"Tunabatiza. Lakini sisi hatuzamishangi mtu. Tunanyunyizanga."

Basi ndivyo tulivyoishi, mpaka mwaka wangu wa mwisho kazini. Mvua ilinyesha ikakataa kuacha, na ukuta wa bwawa ukaanza kutoa maji kwa chini. Watu wa maji walikuja wakapima, wakasema hakuna namna: bwawa likaushwe lote, ukuta ujengwe upya, la sivyo litapasuka na kuzishukia nyumba za chini. Sikubishana. Watu ni watu. Lakini mashine ya kuchimba ilikuwa tayari njiani, na mimi nilikuwa na bwawa zima la mbiru na sina pa kuwapeleka. Kila kidimbwi nilichokijua kilikuwa na ngege wa Nile, kwa sababu, mtacheka, ni mimi niliyewapanda.

Nilizunguka na ile pikipiki hadi wenye vibanda vya chai wakaanza kuniuliza kama nimepoteza ng'ombe. Mwishowe nikafika kwa Mama Nafula, mjane ambaye nyuma ya boma lake kuna machimbo ya zamani ya mawe. Mawe yalikatwa yakajenga shule na makanisa, shimo likabaki, na chemchemi ikalijaza. Nilipochungulia nilitaka kumkumbatia yule mama. Miamba pande zote, mwani juu yake, upande mmoja maji mafupi yenye changarawe, na hakuna samaki hata mmoja. Kama ungemwambia mbiru achore nyumba yake, angechora ile.

Mama Nafula alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua maharagwe. "Wanakulanga nini?"

"Mwani tu, mama. Ule ulioko kwa mawe."

"Hawaombi kitu?"

"Hawaombi."

"Basi hao ni wageni wazuri kushinda wengine nimewahi kupata. Walete. Lakini nikiona mtu na wavu hapa bila kuniambia, nitamfuata na jembe, na wewe Madam ndio wa kwanza."

Tukaanza kuwavua mapema, kabla ya maji kufunguliwa. Hapo ndipo nilipochoka. Wavu wa kukokota ulinasa kwenye mawe na visiki, tukautoa umepasuka, tukarudia, ukanasa tena. Tuliowapata karibu wote walikuwa madume, wamejipamba vishada vyao, wamekasirika. Majike yenye watoto hayatoki hovyo, yanajificha kwenye mayungiyungi na ndani ya mianya ya mawe ambako wavu hauingii. Na ukiwa na madume matupu huna samaki, una kamati. Ikawa wazi kwamba majike tungeyapata siku ile ile ya kukausha, maji yakishuka na kuyatoa mafichoni.

Na siku hiyo ndiyo iliyokuwa inaniogopesha. Huko kwetu kuna kitu tunakiita haki ya tope. Bwawa au kidimbwi kikikaushwa, yeyote anayeingia kwenye tope anaondoka na samaki anaowashika. Haijalishi ni cha nani. Mwenye kidimbwi akikataza, atasemwa kwenye kila matanga hadi siku ya matanga yake mwenyewe. Nilimwomba Mzee Wekesa azuie safari hii moja tu.

"Madam," akaniambia, "hilo siwezi. Hata baba yangu hangeweza."

Mkandarasi wa kujenga ukuta yeye alishauri tulete askari. Nikamwambia, ndugu yangu, lete askari kwenye tope la watu halafu uone kama kesho mashine yako itakuwa na magurudumu. Nilikuwa nasema kwa hasira, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Miaka yote ile nimeilinda Chekalini, na sasa itaishia kwenye sufuria mbele ya macho yangu, nikibakiza muda kidogo tu kwenda nyumbani.

Siku ikafika. Bomba la chini lilifunguliwa asubuhi na mapema, na kufikia jua kupanda watu walikuwa wamejaa kingo zote, wana vikapu, makarai, ndoo, na vyandarua vya mbu vilivyofungwa kwenye vijiti. Kwaya ya kanisa ilikuwepo na makarai ya jikoni. Mimi na Faith tulikuwa na mapipa ya maji juu ya pikapu, yamefunikwa magunia mabichi, na mabeseni chini ya kivuli. Maji yalipofika magotini, hakuna aliyetoa ruhusa wala aliyeingoja. Watu waliingia kwa mkupuo mmoja.

Nilichukua kipaza sauti cha kanisa. Niliongea maneno yote ya semina. Nilisema samaki hawa ni adimu, ni urithi, ni bayoanuwai. Hakuna aliyegeuka. Kijana mmoja topeni alinijibu bila hata kuinua kichwa, "Adimu ndiyo tamu, Madam!"

Hapo mbele yangu jamaa mmoja mnene, fundi wa baiskeli pale sokoni, alikuwa ameinua jike la mbiru kwa mkono akilielekeza kwenye gunia. Samaki akapanua mdomo, na watoto wakaanza kumwagika, vitu vidogo kama mbegu za wimbi zenye macho, wakianguka kwenye tope. Sikufikiri. Niliruka pale na beseni langu, nikamnyang'anya yule samaki, nikawa nafoka kwa lugha ya nyumbani na Kiswahili kwa pamoja. Mwisho nikapiga kelele bila kipaza sauti chochote:

"Nyinyi watu! Ni boma gani hapa linachinjanga kuku mwenye vifaranga?"

Kwa wasiotujua niwaeleze. Mluhya na ingokho ni habari ndefu. Mgeni akija utamkimbiza jogoo boma zima, majirani watakusaidia, mtaruka ua, na atashikwa. Lakini kuku anayetembea na vifaranga haguswi. Awe askofu amekuja, awe nani, utakopa jogoo kwa jirani. Mtu akichinja mama wa vifaranga, wanawake wanamtazama tu, na yeye mwenyewe anajua amefanya nini.

Yule fundi wa baiskeli alibaki mikono hewani. "Kwani hao wametoka wapi?"

"Mdomoni mwake!"

"Alikuwa anawala?"

"Anawalea, baba! Anawalea humo!"

Nikaingiza kidole taratibu pembeni mwa mdomo wa samaki, nikamwinamisha kwenye beseni, na waliobaki wakatoka wakaanza kuogelea. Watu wa karibu wakasogea. Mama mmoja wa kwaya akashika kinywa chake akasema, "Maayi, tazama watoto." Wale wa nyuma wakauliza kuna nini, wa mbele wakawaambia, na kelele ikapungua kidogo kidogo hadi upande wa mawe. Mzee Wekesa alikuja amekunja ile suruali yake ya pasi hadi magotini, akainama, akalitazama beseni kwa muda mrefu. Kisha akasimama wima na kutoa ile sauti anayotangazia mazishi.

"Sikizeni! Haki ya tope iko palepale! Lakini fungua mdomo kwanza! Mwenye watoto anaenda kwa Madam. Asiye na watoto ni wako."

Loo! Kama mngeona. Bwawa zima likawa zahanati ya meno. Kila mtu aliyeshika samaki alimpanua mdomo, akachungulia, akamwonyesha jirani, wakajadiliana. "Huyu ako na mayai!" "Hapana, hayo ni matope!" "Nimekwambia ni mayai, peleka kwa Madam!" Jamaa mmoja aliyekuwa amepitia kwenye pombe ya busaa kwanza alijaribu kumpanua kambare, akaumwa kidole, akamtukana kambare na ukoo wake. Yule kijana wa adimu-ndiyo-tamu alikuwa na majike manne ndani ya shati lake lililoloweshwa, anakuja mbio anapiga kelele watu wapishe. Na fundi wa baiskeli, ambaye hakuwa amebakiwa na samaki hata mmoja, aliniletea jike baada ya jike, na kila mara aliniuliza kama lile lake la kwanza bado liko hai.

Kwenu mtakaofanya kazi hii: jike likishtuka huwatema watoto, na mara nyingi haliwarudishi. Usimlazimishe. Watoto waliotemwa wapewe beseni lao, kivulini, kwa maji yale yale ya bwawa, yakibadilishwa kidogo kidogo. Jike likibaki nao mdomoni liwekwe kwenye pipa bila kusumbuliwa, na dereva aambiwe aendeshe kama amebeba bibi yake mgonjwa. Faith alilisimamia hilo lote, mimi nikiwa nimesimama topeni nalia. Sioni haya kulisema. Nililia mbele ya kwaya nzima.

Mchana tukawamwaga kwa Mama Nafula, madume tuliowavua mapema, majike na watoto. Maji yakawameza, na baada ya hapo hatukuona kitu. Siku ya kwanza na ya pili waliibuka wachache wamekufa, kama kawaida ya kuhamisha. Halafu mvua ikarudi, machimbo yakawa ya rangi ya chai, na kukawa kimya. Nilikwenda nikachungulia, nikarudi, nikaenda tena. Mama Nafula alikuwa akitikisa kichwa kabla sijashuka kwenye pikipiki. Ofisini wakanifanyia sherehe ya kustaafu, kulikuwa na soda na keki yenye umbo la samaki ambayo ilifanana zaidi na mhindi wa kuchoma, na watu walisema mema juu yangu. Niliwashukuru. Lakini kichwani nilikuwa na jambo moja tu: kama wamekufa mle shimoni, basi ni mimi niliyewatoa kwao nikawaua, na Chekalini sasa ni tope tupu lenye mashine. Hilo sikumwambia mtu. Unamwambiaje mtu kwamba umestaafu na hujui kama ulifanya kazi?

Kiangazi kilipoingia, simu ililia nikiwa nyumbani naanika nguo.

"Madam, kuja," Mama Nafula akasema. "Kuna kitu kimechimba mashimo chini ya maji yangu, na sikukipa ruhusa."

Nilimpigia Faith, tukaenda. Maji yalikuwa yametulia, unaona hadi chini. Kwenye ile changarawe ya maji mafupi kulikuwa na mashimo ya duara, safi, kama yamefagiliwa, na juu ya kila moja dume mwenye kishada cha rangi ya chungwa, anamfukuza mwenzake akikaribia. Nikaanza kuyahesabu. Faith akanigusa bega, akanyoosha kidole kwenye kona ya miamba. Pale alikuwa jike ametulia, na mbele ya uso wake kulikuwa na wingu dogo la vitoto linalocheza.

"Hao hatukuwaleta sisi," Faith akanong'ona. "Hao wamezaliwa hapa."

Nikasogea ukingoni niwaone vizuri. Kivuli changu kikaanguka juu ya maji, na wingu lote likaingia mdomoni mwa mama yao, mara moja, hakuna hata mmoja aliyebaki nje. Akafunga mdomo akarudi nyuma kwenye mwanya wa jiwe, mashavu yamemjaa, ananitazama. Nikawa nacheka na machozi yananitoka, na ningesimama pale hadi jioni kama si Mama Nafula.

"Madam, ondoka hapo basi," akasema. "Unamzuia. Atawatoa aje na wewe umesimama?"

Nikaondoka. Nilirudi nyuma nikakaa kwenye jiwe, mbali kidogo, na tukangoja sote watatu mpaka akawatoa tena.